Kisasi Kisichoandikwa

Kavutha alikuwa amejiapiza kwamba siku atakayokutana tena na Kiama, atakuwa amependeza na atakuwa anacheka na mwanamume mwingine. Ilivyotokea, Kiama alimkuta amepiga magoti chini ya meza, waya wa spika mkononi, kilemba kimelegea, na mwanamume wa kucheka naye hayupo.

"Sasa, Kavutha."

Hakuinua macho. Sauti ile angeitambua hata katikati ya soko siku ya mnada. Moyo ulimruka, na papo hapo akaukasirikia kwa kuruka.

"Poa," alijibu huko huko chini, kama fundi anayesalimiwa na mteja.

"Sikujua ungekuwepo."

"Hapa ni Machakos. Ni kwetu. Wewe ndiye wa kuulizwa unafanya nini hapa."

Viatu vya Kiama vilisimama kidogo, vikasogea mbele kana kwamba vinataka kusema kitu, kisha vikageuka vikaenda zao. Kavutha alitoka chini ya meza akamtafuta Jeff, kijana aliyeandaa tamasha lile la maigizo na michezo ya kompyuta, akamkuta mlangoni akibandika matangazo.

"Nani amemwalika huyu?"

"Mimi," Jeff alisema bila kumtazama. "Kavutha, gemu yake ya kompyuta imevuma mpaka ng'ambo. Watu wanatoka Kinanie kuja kumwona. Nifanye nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekuja?"

Asingekuja, na wote wawili walijua.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ile kule kwao Kalama. Boma la kina Kavutha lilikuwa limefagiliwa tangu alfajiri, na watu wa Kiama walikuwa wametoka Katangi, ambako mama yake, Wanjugu, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi tangu ahamie huko Yatta kutoka Nyeri. Walileta mbuzi wa ntheo, wale ambao wakishachinjwa, Mkamba huhesabu kwamba binti yake ameolewa hata kama kanisani bado. Mazungumzo yalikwenda vizuri, wazee wakacheka, chai ikanywewa, mpaka Wanjugu alipokiweka kikombe chini na kuuliza:

"Na huyu msichana wetu, hufanya kazi gani?"

"Maigizo, mama," Kavutha alijibu. "Tuko na kikundi. Watu wanatuambia hadithi iwe juu ya nini, na sisi tunaiigiza hapo hapo. Hatuandiki kitu."

"Hamwandiki?" Wanjugu aliwageukia wenzake. "Kwa hivyo ni uongo, na hata haujapangwa."

Watu walicheka. Hilo Kavutha angelivumilia. Lililomchoma ni kwamba alimtazama Kiama amtetee, na Kiama akapangusa mdomo wake akasema, "Usijali, mum. Ni mchezo tu wa kupitisha wakati. Akiolewa ataacha."

Kavutha, ambaye kazi yake ilikuwa kupata neno bila kulitafuta, alikosa hata moja. Aliokota sinia akaingia jikoni. Baba yake, mzee Ngui, alipomwita mbele ya wageni aseme kama mbuzi wachinjwe, hakutoka. Aliitwa tena, hakutoka. Wageni wakaondoka na aibu yao, na wiki iliyofuata mzee Ngui akawapakia wale mbuzi kwenye pikapu akawarudisha Katangi wakiwa hai. Aliporudi alimwambia bintiye kitu kimoja tu: "Nyama ya hao isingepita kwa koo langu."

Tangu hapo Kavutha alikuwa akimjibu Kiama kila siku, bafuni, shambani, njiani. Majibu makali, matamu, yaliyopangika. Yote yalikuja yakiwa yamechelewa.

Saa ya chakula, watu walipotoka nje kufuata harufu ya nyama choma, meza ya Kiama ilibaki peke yake, kompyuta ikiwaka. Kavutha alipita mara ya kwanza akiitazama kwa pembe ya jicho. Mara ya pili alisimama. Mara ya tatu aliketi, akavaa hedifoni, akijiambia kwamba anataka tu kuona takataka yenyewe.

Gemu ilianzia kwenye mto uliokauka, kama ile ya Yatta. Hakuna maandishi, hakuna aliyemwambia afanye nini. Alibonyeza, na mikono kwenye kioo ikaanza kuchimba mchanga. Alichimba mpaka unyevu ukaonekana, kisha maji, machache, ya kuteka kwa kata. Akajaza mtungi akaanza kupanda kilima. Njiani alikutana na ndama aliyepotea, akamnywesha. Akakutana na mzee aliyekaa juu ya jiwe, akamgawia. Jua lilikuwa linashuka, mtungi ukawa mwepesi, na kila hatua pumzi za yule mbebaji zilisikika masikioni mwake kana kwamba ni zake. Alisahau mchana. Alisahau ni nani aliyekitengeneza kitu hiki. Alichokijua ni kwamba juu kule kuna nyumba, na ndani kuna mtu, na yeye anamletea maji ambayo karibu yote ameyagawa, na hajutii.

Mlangoni alisikia mtu akiimba ndani, bila maneno, kwa sauti ya chini, kama anayeosha vyombo. Machozi yalimjia kabla hajajua kwa nini.

Kisha akajua. Sauti ilikuwa yake.

Aliikumbuka siku yenyewe: nyumba ya Kiama kule Athi River, sufuria, povu, na wimbo aliojitungia tu hapo kwenye sinki. Kiama alikuwa amesimama mlangoni na simu. "Rudia," alimwambia. Yeye akacheka: "Nirudie nini? Imeshaenda."

Alivua hedifoni. Nduku, rafiki yake na mwenzake wa jukwaani, alimkuta bado ameketi pale.

"Kavutha, kwani umelia?"

"Ameweka sauti yangu humo ndani. Hakuniuliza."

"Aiya! Na gemu yenyewe ni mbaya?"

"Ni nzuri, Nduku. Ni nzuri mpaka nikasahau namchukia. Ingekuwa mbaya ningemsamehe."

Nduku aliketi kando yake. "Na mama yake amekuja. Nimemwona pale mbele, na ile handibegi yake."

Kavutha alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. Alipoishusha, macho yalikuwa makavu.

"Leo tukiuliza watu hadithi iwe juu ya nini," alisema, "wewe ukae kati yao. Na upige kelele kuliko wote."

Lakini kabla ya igizo kulikuwa na mjadala, na Mwalimu Ndambuki, aliyefundisha fasihi mpaka akastaafu, aliwaketisha Kavutha na Kiama ubavu kwa ubavu kama maharusi. Kiama alinukia sabuni ile ile. Kavutha aliusogeza mkono wake mbali, na Kiama akauona ukisogea.

"Swali letu ni hili," Mwalimu Ndambuki alisema. "Igizo lisiloandikwa, na mchezo wa kompyuta. Ni burudani tu, ama vinaweza kuwa sanaa iliyotukuka, ile ya kumwinua mtu kutoka kwa kiti chake? Tuanze na Kiama."

"Mimi nafikiri sanaa ya namna hiyo inakufanya ujione mdogo, na bado ushukuru," Kiama alisema polepole. "Mlima unaweza kufanya hivyo. Wimbo kanisani pia. Gemu inaweza, kwa sababu huitazami ikifanyika kwa mtu mwingine. Ni wewe umebeba mtungi. Ukimnyima mtu maji, ni wewe umemnyima."

Ukumbi ulipiga makofi. Kavutha alichukua kipaza sauti.

"Lakini aliyetengeneza ameshakupangia kila mlango," alisema. "Hata huruma yako ameiwekea kitufe. Mimi nikipanda jukwaani sijui nitasema nini, na wewe ukinitazama unajua kwamba sijui. Naweza kuanguka mbele yako. Hapo ndipo moyo wa mtu unasimama."

"Na ikiisha, iko wapi?" Kiama aliuliza. Aliuliza kwa upole, akimtazama yeye wala si watu. "Kitu kizuri namna hiyo, na kesho hakuna wa kukiona?"

"Kiko kwa aliyekuwepo."

"Na kama aliyekuwepo anataka kukihifadhi?"

"Aombe ruhusa," Kavutha alisema, "wala asiibe kwa simu akiwa amesimama mlangoni."

Watu hawakuelewa, wakacheka wakidhani ni utani. Kiama alielewa. Damu ilimpanda mpaka masikioni, na Kavutha akaonja utamu wa kwanza wa siku ile.

Haukumtosha. Jukwaa lilipoandaliwa, alisimama katikati, peke yake, akafungua mikono.

"Mnatujua. Hatuna karatasi, hatuna mazoezi. Mtupe siku, na sisi tutawapa maisha. Siku gani?"

"Siku ya mazishi!" mmoja alipaza sauti.

"Siku ya mtihani!"

"Siku ya mbuzi!" Nduku alipiga kelele kutoka kati ya watu, mpaka wengine wakageuka. "Siku wageni wanaleta mbuzi wa ntheo!"

"Hiyo nimeisikia," Kavutha alisema. "Na leo nataka mgeni acheze na sisi. Bwana wa gemu. Wewe umetufanya tubebe maji yako mchana kutwa. Njoo ubebe yetu."

Ukumbi mzima ulimpigia Kiama makofi ya kumsukuma. Hakuwa na pa kukimbilia. Alipanda ngazi akasimama mbele ya Kavutha, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usinifanyie hivi."

"Mimi nitakuwa bwana harusi," Kavutha aliwatangazia watu. "Nduku, panda uwe mama yangu. Na wewe, Kiama, ndiye msichana."

Vicheko vililipuka. Nduku alijifunga leso, akaazima mkoba wa mtu, akaketi akiuweka mapajani vile vile Wanjugu alivyouweka wake pale mstari wa mbele. Waliomjua Wanjugu waliminya midomo. Kavutha alitanua miguu kama mwanaume aliyeshiba, akapangusa mdomo.

"Na huyu msichana wetu," Nduku aliuliza kwa sauti ya puani, "hufanya kazi gani?"

Kiama alisimama katikati ya jukwaa, mikono ikining'inia. Alimtazama Nduku, akamtazama mama yake kule chini, kisha akamtazama Kavutha. Hakukuwa na kitufe cha kubonyeza.

"Naigiza," alisema hatimaye. "Bila kuandika."

"Bila kuandika? Ni uongo, na hata haujapangwa!"

Watu walicheka, kama walivyocheka wale wa Kalama. Kavutha alingoja kicheko kitulie. Sentensi ile alikuwa ameibeba miaka miwili, na sasa aliitoa taratibu, neno baada ya neno, apate kuona kila moja linapoingia.

"Usijali, mum. Ni mchezo tu wa kupitisha wakati. Akiolewa ataacha."

Kiama alifumba macho. Kavutha akajiambia, sasa. Sasa atashuka ngazi, atakimbia mbele ya watu wote hawa, na mimi nitalala.

Lakini Kiama hakushuka. Alifumbua macho, akamwendea Nduku, akachukua kutoka mkononi mwake kikombe ambacho hakikuwepo.

"Sijamaliza chai yangu," Nduku alisema.

"Umemaliza, mama."

Akamwendea na Kavutha, akamnyang'anya chake. Akavipanga vyote kwenye sinia isiyoonekana, kimoja kimoja, kwa uangalifu, hata ungesema unasikia udongo wa vikombe ukigusana. Akaiweka sinia chini.

"Niliamka nikapika peke yangu," alisema, na sauti yake haikuiga ya kike, ilikuwa yake tu. "Dada zangu walitaka kunisaidia, nikakataa. Nilitaka ukila ujue ni mkono wangu. Na wewe umekula. Umekula, ukapangusa mdomo, halafu ukaniita mchezo mbele ya baba yangu."

Kavutha aliikusanya miguu aliyokuwa ameitanua.

"Wageni wote wakae," Kiama alisema. "Mbuzi wakae. Wewe toka kwetu."

Lilikuwa ndilo neno. Neno alilolitafuta jikoni na sinia mikononi, neno alilolikosa usiku na mchana, na sasa limetoka kwa kinywa cha yule aliyestahili kuambiwa. Nywele zilimsimama. Hakuna aliyeliandika, hakuna ambaye angeweza kuliandika. Na kwa sheria ya kazi yake mwenyewe, linalosemwa jukwaani ni kweli na lazima litiiwe. Kavutha aligeuka, akashuka ngazi, akapita kati ya viti vya watu walioacha kupumua, akatoka nje ya mlango. Nyuma yake makofi yaliporomoka kama mvua ya mawe.

Alifika nyuma ya ukumbi kabla hasira haijamshika. Ilipomshika, ilimshika vizuri.

Wanjugu ndiye aliyemfikia kwanza, akihema, handibegi chini ya kwapa. Walitazamana.

"Mama Kiama," Kavutha alisema, maana adabu ni adabu.

"Ni hivyo nilisema siku ile?"

"Hapana, mama. Maneno ni hayo hayo, lakini wewe uliyasema vibaya zaidi. Nduku amekuhurumia."

Wanjugu aliishusha handibegi kutoka kwapani. Jua lilikuwa limeegemea vilima vya Iveti, na katika mwanga ule alionekana mzee kuliko alivyokuwa ukumbini.

"Sikujua ulipika mwenyewe," alisema.

"Hukuuliza."

Wanjugu alikubali kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Kiama alipotokea kwenye kona, aliwapisha akaenda zake polepole.

"Kavutha..."

"Usiniite! Hata kisasi changu umeniibia! Nilikupandisha pale uaibike, na wamekupigia makofi. Wimbo wangu umechukua. Neno langu umechukua. Utaniachia nini, Kiama?"

"Neno halikuwa la makofi. Lilitoka tu."

"Najua lilitoka tu! Unadhani sijui likitoka? Ni kazi yangu!" Alimsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Kiama hakurudi nyuma wala hakumshika. "Nani alikuambia kwamba nilipika peke yangu?"

"Hakuna. Nilikuona mkononi, umeungua hapa." Aligusa kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Nikaona, nikanyamaza. Niliogopa mama angenicheka na mimi pia."

"Na sauti yangu?"

"Ulipokataa simu zangu sikuwa na kitu chako kingine. Nilijaribu waimbaji, wazuri kuliko wewe. Nyumba kwenye gemu ikawa tupu. Nikaweka yako, nikasikia mtu yuko." Alishusha macho. "Sikukuuliza kwa sababu ungekataa. Nitaitoa leo, ukisema."

Kavutha alilitazama lile paji la uso alilokuwa akilijua kwa midomo yake. Kilikuwa kitu rahisi, kusema toa. Gemu ingekufa, na yeye angelala. Akaukumbuka mlango ule juu ya kilima, na jinsi alivyofika na mtungi mtupu bila kujuta.

"Usitoe. Uandike jina langu. La kwanza. Lako lije chini ya langu, kwa herufi ndogo."

"Sawa."

"Na kila ukiitwa mahali kuongea, uanze kwa kusema kwamba kile kizuri zaidi mle ndani kilitungwa na mwanamke akiosha sufuria, na hakukipanga."

"Sawa, Kavutha."

"Usiseme sawa kama mtu mzuri! Bado nakuchukia."

"Najua."

Kavutha alimwacha pale. Alipokuwa akienda alitega sikio kusikia kama nyayo zinamfuata, na akajilaumu kwa kutega. Hazikumfuata.

Ukumbini watu walikuwa wamekwenda. Nduku na wengine walikuwa nje wakipakia spika kwenye gari la Jeff. Kavutha alianza kukunja viti, kimoja kimoja, akivibwaga ukutani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baada ya muda alisikia viti vikikunjwa upande wa pili. Kiama alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, koti amelitundika dirishani, mikono ya shati imepandishwa. Hakumtazama. Alikunja mstari wake, akahamia uliofuata.

Walifanya kazi hivyo, kila mmoja akitoka upande wake, mpaka wakakutana katikati. Kilibaki kiti kimoja. Kiama alikishika huku, Kavutha akakishika kule. Hakuna aliyeachia.

"Jumamosi uje Kalama," Kavutha alisema, akikitazama kiti. "Peke yako. Uongee na baba."

Mkono wa Kiama ulikaza. "Atakubali kuongea na mimi?"

"Atakufukuza."

"Na mimi nitarudi Jumamosi inayofuata."

"Atakufukuza tena. Na mbwa atakuwa amefunguliwa."

"Na ya tatu?"

Kavutha alimnyang'anya kiti, akakikunja, akakiweka pamoja na vingine. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama machoni sawasawa, kwa muda mrefu, mpaka Kiama akasahau alichokuwa ameuliza.

"Ya tatu, baba atakuwa amechoka," alisema. "Ya tatu nitakufukuza mimi."